Nyumba pacha kwenye kiwanja kimoja: vyumba vipangwe kuanzia ukuta wa kati

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili. Nimenunua pamoja na mdogo wangu kiwanja cha mita 20 kwa 30 huko Kigamboni, Dar es Salaam, na barabara inapita upande wa kaskazini, kwenye ule upana wa mita 20. Tunataka kujenga nyumba mbili zilizoungana, za chini, kila moja iwe na vyumba vitatu vya kulala. Mama yetu, ambaye miguu inamsumbua, atakaa kwangu. Fundi ametuonyesha ramani ya nyumba moja aliyoipata kwenye simu, akasema upande wa pili ataigeuza tu. Nikiitazama naona katikati ya nyumba kuna giza, na choo cha chumba kikubwa hakina dirisha. Tupange vipi vyumba, na je, ni lazima nyumba hizi zifanane?

JIBU: Dada yangu, mashaka yako yana msingi, na nitaanza na lile swali la mwisho kwa kuwa ndilo linaloamua mengine. Nyumba hizi zifanane pale zinapogusana, na zitofautiane pale zinapopokea jua na upepo. Fundi akigeuza ramani kama anavyotaka, ukuta wa kati utakuwa salama, kwa sababu sebule itakutana na sebule na chumba cha kulala kitakutana na chumba cha kulala, na hakuna mtu atakayelala akisikiliza taarifa ya habari ya jirani. Lakini jua haligeuzwi pamoja na ramani. Mmoja wenu atapata ubavu wa mashariki na mwingine ubavu wa magharibi, na chumba kinachokalika vizuri upande mmoja kinaweza kuwa tanuri upande wa pili.

Giza uliloliona halitokani na uzembe wa mchoraji peke yake. Linatokana na umbo. Mkiacha mita 2.5 kila ubavu, na hapa nachukua kipimo cha mfano kwa kuwa halmashauri ndiyo itakayowapa kipimo rasmi cha kuacha mpakani, mnabaki na upana wa mita 15, yaani mita 7.5 kwa kila nyumba. Nyumba ya vyumba vitatu yenye eneo la mita za mraba 105 hivi, ikijengwa kwa umbo la sanduku, itabidi iwe na urefu wa mita 14. Vyumba vitapangika safu mbili, na ile safu inayolala kwenye ukuta wa kati itakuwa na madirisha mbele na nyuma tu. Katikati yake panabaki mita kadhaa zisizoona nje, na mchoraji akishakwama hapo huzijaza kwa stoo, korido na choo cha masta, yaani cha kile chumba kikubwa, halafu anawaambia mtaweka feni ya kutolea hewa. Feni hiyo hufanya kazi umeme unapokuwepo.

Ramani nyingi zinazozunguka kwenye simu zina asili ya mahali pengine. Uingereza, ambako nyumba za namna hii zilijengwa kwa wingi sana kati ya vita viwili vya dunia, nyumba pacha kwa kawaida ni ya ghorofa, kwa hiyo haiendi mbali kuelekea nyuma na mwanga unaifikia. Tena huko sebule ziliegemezwa kwenye ukuta wa kati kwa sababu dohani za kukokea moto ziliunganishwa pamoja ukutani hapo. Sisi hatuna moto wa kuota, na ninyi hamtaki ghorofa, jambo ambalo naliunga mkono kwa hali ya mama yenu. Basi umbo lake tusilichukue.

Badala ya sanduku, ninashauri kila nyumba iwe na sehemu mbili. Sehemu ya mbele iwe na upana wote wa mita 7.5 na kina cha mita 7.6, na hapo ndipo nyumba zenu zitakapogusana. Nyuma yake uendelee mkono mwembamba wenye upana wa mita 4.8 na urefu wa mita 10, uliosogezwa kwenye ubavu wa nje na kuuacha mstari wa kati. Kwa kila nyumba mnapata mita za mraba 57 mbele na 48 nyuma, jumla 105, ambazo ni zilezile za sanduku. Tofauti ni kwamba kati ya mikono miwili mnabaki na ua wenye upana wa mita 5.4, nusu yake wako na nusu wa mdogo wako, na kila chumba kinapata angalau ukuta mmoja unaoona nje. Kwa mbele mkiacha mita 6, nafasi ya kutosha kuegesha gari, nyumba inaishia mita 23.6 kutoka barabarani na nyuma mnabakiwa na mita 6.4. Kuta zitaongezeka kidogo kuliko za sanduku, hilo siwafichi, lakini hela ya tofali hizo mtaiokoa kwenye taa za mchana na viyoyozi.

Kiwanja chenu kimewabeba katika jambo moja kubwa. Kwa kuwa barabara iko kaskazini na nyumba zitasimama ubavu kwa ubavu, ukuta wa kati utaelekea kaskazini-kusini, na kila nyumba itakuwa na uso wa kaskazini na uso wa kusini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri hukaa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 60 hivi, na Desemba hupita karibu na utosi, kusini kidogo. Kwa hiyo paa lililotokeza sentimita 90 nje ya ukuta litatia kivuli cha karibu mita moja na nusu ukutani adhuhuri ya Juni, na zaidi ya hapo Desemba. Madirisha ya kaskazini na kusini yanalindwa na paa peke yake. Ya mashariki na magharibi hayalindwi na paa lolote, kwa sababu jua huyaingilia likiwa chini. Upepo nao unawafaa: Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Oktoba. Dirisha la mbele na dirisha la uani yakitazamana bila ukuta katikati, nyumba itapita upepo mwaka mzima.

Sasa vyumba. Katika sehemu ya mbele, upande wa ukuta wa kati, wekeni sebule ya mita 4 kwa 4.2 yenye madirisha mapana ya kaskazini, na nyuma yake, bila ukuta wa kuzitenga, mahali pa kulia chakula pa mita 4 kwa 3, penye mlango mpana au dirisha kubwa la kutokea uani. Huo ndio mkondo wa hewa niliousema. Upande wa ubavu wa nje anzeni na baraza ya mita 3 kwa 1.6, kisha chumba cha mama cha mita 3 kwa 3.4, kisha choo na bafu la wote.

Mlango mkuu usitazame barabara. Uwekeni kwenye ukuta wa pembeni wa baraza, ili anayeingia apande barazani kwanza, ageuke, ndipo aingie sebuleni. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa zikigusana kuta, na njia ya kuingilia ilipindishwa ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Faida hiyo bado ipo, na haigharimu chochote zaidi ya kuamua mapema. Baraza zenu zikiwa kwenye ncha mbili za nje, kila familia itapokea wageni wake bila kukanyagana viatu mlangoni.

Choo cha wote kina kosa moja linalojirudia katika ramani nyingi: mlango wake hufungukia mahali pa kulia chakula. Kuepuka hilo, kateni sehemu ndogo ya mita 1.1 kwa 1.6 kati ya meza ya chakula na choo, muweke humo sinki la kunawia mikono, kisha mlango wa choo na mlango wa chumba cha mama vyote vifungukie hapo. Wageni watanawa kabla ya kula bila kuingia chooni, na mama usiku atakuwa na hatua mbili tatu tu za kwenda, tena bila kupita sebuleni mbele za watu. Milango hiyo miwili iwe na upana wa sentimita 90, na ule wa choo ufungukie nje ili mtu akianguka ndani mlango uweze kufunguliwa. Sakafu ya bafu ishuke sentimita mbili tu, isiwe ngazi. Ile kingo ya zege ambayo mafundi hupenda kuijenga mlangoni mwa bafu ndiyo inayowaangusha wazee. Mwambieni fundi aimarishe ukuta wa pembeni ya choo tangu sasa ili uweze kushika bomba la kujishikilia, hata kama halitafungwa mwaka huu.

Kama ninyi ni familia ya Kiislamu, au mnatarajia siku moja kupangisha kwa Waislamu, angalieni na mwelekeo wa bakuli la choo. Kutoka Dar es Salaam, Maka iko karibu kaskazini kamili, kwa hiyo choo kikielekezwa mashariki au magharibi, anayekaa hataelekea kibla wala kukipa mgongo. Katika kiwanja chenu jambo hili ni jepesi, kwani ramani ikigeuzwa, choo cha mashariki kinakuwa cha magharibi na hakuna linaloharibika.

Katika mkono wa nyuma, korido ya mita 1.1 ipite upande wa uani, ikianzia mahali pa kulia chakula. Iwe na madirisha makubwa ya kuonea ua, ili isije ikawa lile pango ambalo lazima taa iwashwe saa sita mchana. Kutoka kwenye korido mtaingia kwanza jikoni, mita 3.2 kwa 3, mlango wa jiko ukitazamana na mlango wa kutokea uani. Kisha chumba cha watoto chenye vipimo hivyohivyo. Na mwisho masta, ambayo itachukua upana wote wa mkono kwa kuwa korido inaishia hapo. Masta ya namna hii ina mita 4.5 kwa 3.4 pamoja na choo chake na kabati la nguo. Mkiiona ndogo, ongezeni mita moja kwenye urefu wa mkono, nafasi ya nyuma inaruhusu. Juu ya milango ya vyumba vya kulala wekeni matundu ya hewa yenye wavu wa mbu, maana dirisha moja peke yake halipitishi upepo. Upepo unahitaji pa kutokea.

Hapa ndipo nyumba mbili zinapoachana. Katika nyumba ya mashariki, kitanda cha masta kiwe upande wa ubavu wa nje, ambako jua ni la asubuhi na upepo wa bahari hufika wa kwanza, na choo chake kiwe kona ya uani, ambapo korido itamleta mtu kwanza kwenye kijisehemu cha kabati kabla ya kitanda. Katika nyumba ya magharibi fanyeni kinyume: choo na kabati zikae ubavuni, zipokee jua la saa tisa alasiri kwa niaba ya mtu, na kitanda kiwe upande wa uani chenye dirisha la kusini. Chumba cha watoto na kile cha mbele katika nyumba hiyo haviwezi kukwepa magharibi, kwa hiyo ukuta wake wa nje ujengwe kwa tofali za kulaza ili uwe mnene, makabati ya nguo yajengwe kuufunika upande wa ndani, dirisha liwe jembamba, na kando ya ile njia ya mita 2.5, bila kuiziba, ipandwe mipapai au zifungwe nyaya za kutambaza mpasheni. Msipande hapo mwarobaini au mwembe. Mizizi yake itaufuata msingi.

Kutokana na hayo, kabla hamjapiga kura ya nani achukue nyumba ipi, hesabuni mama kwanza. Chumba chake kiko ubavuni, na mzee hulala mchana. Katika nyumba ya mashariki atapata jua la asubuhi, na kuanzia saa sita ukuta wake unapoa. Akipata pia dirisha la pili la kutazama barazani, Kaskazi itampitia na atajua nani amekuja bila kuinuka. Katika nyumba ya magharibi ukuta wake utakuwa unapata moto saa ileile anayotaka kupumzika. Kwa maoni yangu, wewe unayekaa naye uchukue ya mashariki, na kama mdogo wako ataona amepunjwa, mfidieni katika jambo lingine, kwa mfano gharama ya ule ukuta mnene.

Nyumba ya mashariki nayo ina kero yake, nayo ni moshi. Upepo wenu mwingi una asili ya upande wa mashariki, na jiko la nyumba hiyo liko ubavu huohuo, kwa hiyo harufu ya samaki wa kukaanga itasukumwa koridoni hadi mezani na sebuleni. Jiko hilo lazima liwe na mlango unaofungwa. Msikubali jiko la wazi la mtindo wa picha za mitandaoni, ambalo linapendeza katika nyumba ambazo hakuna anayekaanga. Liwe na dirisha pana na bomba la kutolea moshi juu ya jiko la gesi. Jiko la mkaa la kila nyumba, lile la maharage na la sikukuu, likae nje kabisa. Likikaa uani, moshi wako utaingia katika korido ya mdogo wako, na likikaa nyuma katikati, Kusi itaurudisha kwenye ua. Kona ya kusini-magharibi ya kiwanja ndiyo bora, na kwa kuwa kona hiyo iko upande wake, kubalianeni mapema juu ya banda moja la kutumia wote.

Ukuta wa kati nimeutaja mara kadhaa bila kusema ujengwe vipi, na hapa ndipo mahali ambapo ningependa usimame mwenyewe siku ya ujenzi. Tofali ya inchi 6 ya kawaida ina inchi 6 kwa 9 kwa 18. Fundi akiisimamisha, anapata ukuta wa inchi 6. Akiilaza, anapata wa inchi 9. Ukuta wa kati ulazwe wote, kutoka msingi mpaka juu, na upigwe plasta pande zote mbili, kwa kuwa kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta na kuzibwa kwa kila tundu. Soketi na swichi zisiwekwe mgongo kwa mgongo, na mabomba ya maji yasipitishwe humo kabisa. Televisheni ikae ukuta mwingine wa sebule.

Lililo zito zaidi ni mwisho wa ukuta huo juu. Mafundi wengi wamezoea kusimamisha kuta zote kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kisha wanapandisha kenchi, yaani mbao za kubeba paa, na kufunga dari, na juu ya dari nyumba mbili zinabaki na chumba kimoja kirefu cha giza. Sauti itapita humo hata ukuta wa chini uwe mnene kiasi gani, moto utapita, na mwizi akishatoboa dari ya nyumba moja anatembea hadi ya pili. Ukuta wa kati upandishwe mpaka uguse bati, nafasi iliyobaki ijazwe sementi, na mbao za kenchi zisiuvuke. Mkagueni fundi kabla bati halijapigwa. Likishapigwa, kulirekebisha ni kubomoa.

Paa la mbele liwe na mgongo mmoja unaokwenda mashariki-magharibi juu ya nyumba zote mbili, maji yakimwagika kaskazini na kusini. Kamwe msikubali paa mbili zinazoteremkia kwenye ukuta wa kati, kwa sababu hapo patakuwa na mfereji wa bati ambao siku ukivuja hakuna atakayekubali kuwa ni wake. Mfereji hautaepukika pale paa la mkono linapokutana na paa la mbele, lakini huo utakuwa ndani ya eneo la kila mmoja na kila mmoja atautunza wa kwake. Kila nyumba itakuwa na paa la mita za mraba 105 na zaidi, maana yake mvua ya milimita 20 itawapa kila mmoja lita zipatazo 2,000. Wekeni tenki la kuyapokea maji hayo pembeni mwa mkono, na ya ziada yapewe njia ya kutoka uani, kwani ua uliozungukwa na nyumba pande tatu utajaa wakati wa masika kama sakafu yake haikuinamishwa kuelekea kusini.

Juu ya ua wenyewe mtasikia ushauri wa kila namna. Kuna watakaowaambia mjenge ukuta mrefu katikati, na wengine watasema ndugu hawatengani kwa ukuta. Mimi naona mwekeni msingi wa ukuta huo sasa, kwenye mstari wa katikati, lakini ukuta wenyewe uishie kimo cha kiuno. Ua wa mita 5.4 kwa 10 ni mahali pa kuanikia nguo, pa watoto kucheza wakionekana kutoka madirisha ya korido, na pa kukaa watu siku ya shughuli. Harusi na misiba haviepukiki, na siku hiyo sufuria kubwa, kuni na viti vitapita kwenye ile njia ya ubavuni. Ndiyo maana nasisitiza mita 2.5 zibaki wazi. Kuna kishawishi kikubwa cha kuzigeuza stoo au banda la kuku, na mtu akishafanya hivyo kila mzigo wa uani utapitia sebuleni. Ikitokea siku moja nyumba imeuzwa au imerithiwa na watu wasioelewana, msingi upo, ukuta utainuliwa bila kuchimba upya.

Kwa sababu hiyohiyo kila nyumba iweze kujitegemea: mita yake ya umeme, mita yake ya maji, tenki lake, na njia yake ya maji machafu. Bomba la maji machafu la inchi 4 linahitaji mteremko wa sentimita moja kwa kila sentimita 40, kwa hiyo kutoka choo cha masta hadi mbele ya nyumba, mwendo wa mita 20, litashuka nusu mita. Lipitisheni kwenye njia ya ubavuni, lenye chemba ya kuzibulia kila linapopinda, likipokea jiko na choo cha wote njiani. Vyoo vyote vikiwa upande wa ubavu, hakuna bomba litakalopita chini ya sakafu ya sebule. Choo cha masta ya mashariki, kilicho kona ya uani, ndicho pekee kitakachozunguka nyuma ya nyumba, nalo ni gharama ndogo. Mashimo yakae mbele, upande wa barabara, ambako gari la kunyonya maji taka litafika bila kuingia uani. Baadhi ya maeneo ya Kigamboni maji ya ardhini hupanda juu wakati wa masika, kwa hiyo chimbeni shimo la majaribio na mlitazame wakati wa mvua kabla ya kuamua kina.

Mwisho ni hati. Kiwanja kikiwa na hati moja yenye majina mawili, hakikisheni imeandikwa kwamba kila mmoja ana hisa yake inayojulikana, kwa sababu umiliki wa pamoja usio na hisa humwachia aliyebaki hai kiwanja chote mwenzake akifariki, na watoto wa marehemu wanabaki nje. Njia nyingine mbili ni kuomba kiwanja kigawanywe kwenye mstari wa ukuta wa kati, mita 10 kwa 30 kila mmoja, au kutumia sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, inayoruhusu kila nyumba kuwa na hati yake ndani ya jengo moja. Ulizeni Idara ya Ardhi ya Manispaa ya Kigamboni ni ipi inayokubalika kwa kiwanja chenu kabla ya kuchora, kwani mgawanyo wa kiwanja unaweza kubadilisha umbali wa kuacha mpakani. Baada ya hapo mpelekeeni mbunifu majengo aliyesajiliwa vipimo hivi, avichore upya pamoja na mhandisi, na ramani atakayowapa ionyeshe nyumba zote mbili kamili, chumba kwa chumba. Ramani ya nyumba moja yenye maneno "upande wa pili hivyohivyo" msiipokee.